Mhadhiri Aulizwe Kabla ya Zabuni

 

Kuna jambo linaloamuliwa ofisini, mlango ukiwa umefungwa, lakini athari yake hufika mpaka kwenye baraza za nyumba zetu hapa Shinyalu. Jambo lenyewe ni uchaguzi wa programu ambazo vyuo vikuu hutumia kufundishia mtandaoni. Ni nani huzichagua? Na mhadhiri, ambaye atashinda nazo mchana na kukesha nazo usiku, huulizwa wakati gani?

Nitasema ninavyoona tangu mwanzo ili tusizungukane. Mara nyingi mno mhadhiri huulizwa mambo yakiwa yamekwisha. Programu ishachaguliwa, mkataba ushatiwa saini, ndipo anapoitwa ukumbini kwa mafunzo ya siku mbili aonyeshwe pa kubonyeza. Hapo ameshaarifiwa tu, hajashirikishwa. Naamini hapo ndipo pesa za umma zinapopotea, na ndipo kijana wetu anapoanza kuachwa nyuma na wenzake.

Labda mzazi mmoja anajiuliza, Shinyalu na programu za chuo kikuu wapi na wapi? Mzazi wangu, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko hapo Kakamega mjini, safari fupi ya matatu. Wengi wetu bado tunakiita WECO, jina lake la zamani, kwa mazoea, ingawa mwaka wa 2002 kiligeuka kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Upande wa Vihiga kuna Chuo Kikuu cha Kaimosi Friends. Watoto wetu wako huko, wengine wako Maseno, Eldoret na Nairobi. Umeuza ng'ombe, umeuza miwa au chai, ukalipa karo. Siku hizi sehemu ya kile ulicholipia haipatikani tena katika jumba la mihadhara. Iko ndani ya simu ya mtoto wako. Akija nyumbani, darasa linakuja naye mfukoni.

Sasa hebu tazama simu yenyewe. Kioo kimepasuka pembeni, nafasi ya kuhifadhi imejaa. Alasiri mvua inanyesha, na nyinyi mnaokaa karibu na msitu mnaijua mvua yetu ya alasiri. Stima inakatika. Mtandao unabaki mstari mmoja. Kijana anatoka mpaka kwenye kiinuko, anaunyosha mkono, anangoja. Kama chuo kimenunua programu inayotaka video muda wote wa kipindi, bando la wiki litakwisha kabla mhadhiri hajamaliza utangulizi. Kama kimenunua programu inayomruhusu mwanafunzi kupakua kurasa za maandishi na sauti usiku, azisome na kuzisikiliza asubuhi bila mtandao, basi kijana huyo yumo darasani sawa na mwenzake wa Westlands, Nairobi. Uamuzi wa aina gani ya programu inunuliwe ulifanywa muda mrefu kabla ya mvua hiyo kunyesha, na watu ambao huenda hawajapata kumwona mwanafunzi huyo.

Lakini mhadhiri amemwona. Anajua ni nani hukosa kazi za Jumatatu kwa sababu Jumapili alikuwa kijijini. Anajua wangapi wana kompyuta na wangapi huandika insha nzima kwa kidole gumba. Kwa hiyo tunapodai mhadhiri aulizwe, tunawatetea wanafunzi pia, maana ujuzi wa hali ya mwanafunzi uko kwa mhadhiri, na hauko katika ofisi ya ununuzi.

Turudi nyuma kidogo, kwenye mwaka wa 2020. Jumapili ya tarehe 15 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo kwa sababu ya korona. Vyuo vikuu vilipewa mpaka Ijumaa, tarehe 20. Siku tano. Vyuo vingi vilikuwa tayari na programu za kufundishia, nyingine zimekaa kwenye seva miaka kadhaa zikitumiwa na wahadhiri wachache. KENET, ule mtandao wa taasisi za elimu ulioanzishwa mwaka wa 1999, ulisaidia vyuo kwa mifumo ya mikutano ya video, na mazungumzo yakafanywa na kampuni za simu kuhusu bando za bei nafuu kwa wanafunzi na walimu. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na ya haraka, na wanastahili shukrani.

Na wahadhiri walifanya nini? Wengi walifungua WhatsApp. Nawaomba mlitafakari hilo, kwa maana hakuna aliyewaamuru. Hakukuwa na zabuni wala mafunzo ya siku mbili. Walichagua chombo ambacho mwanafunzi tayari alikuwa nacho, kinachofunguka hata mtandao ukiwa dhaifu, na ambacho kwacho mhadhiri anaweza kurekodi maelezo ya dakika kumi, akayatuma mara moja, na kila mwanafunzi akayasikiliza kwa wakati wake. Wengine walijaribu Zoom ya bure wakakatizwa kila dakika 40, maana ndio ukomo wa mkutano wa bure wa watu wengi, wakarudi WhatsApp. Walimu walipoachiwa uhuru walichagua, na walikuwa na sababu zao.

Sisemi WhatsApp ni jumba la mihadhara. Kasoro zake ni nyingi. Nambari ya simu ya mhadhiri inakuwa mali ya umma, na maswali yanaingia saa sita za usiku. Alama hazina mahali pa kukaa. Mwanafunzi anasema alituma kazi, mhadhiri anasema hakuiona, na ushahidi umefunikwa na salamu za asubuhi. Lakini yeyote aliyetaka kujua mwalimu wa Kenya anahitaji nini katika programu ya kufundishia, majibu yote yalikuwa mbele yake katika miezi ile. Ilitosha kumkalisha mhadhiri chini na kumuuliza: mbona ulichagua hii ukaiacha ile tuliyokununulia?

Acha niwape mfano mmoja mdogo, maana mambo haya yanaonekana vizuri yakiangaliwa kwa karibu. Mhadhiri wa hisabati ametoa zoezi. Mwanafunzi amelifanya kwa kalamu kwenye karatasi, maana hesabu za milinganyo hazichapiki kirahisi kwa simu. Amepiga picha kurasa nne chini ya taa ya sola. Picha zinamfikia mhadhiri zimelala ubavu, moja ina kivuli cha mkono. Sasa mhadhiri anataka kufanya kile alichofanya miaka yote darasani: kuweka kalamu nyekundu kwenye mstari wa sita, palepale alama ya kutoa ilipogeuka kuwa ya kujumlisha, aandike pembeni "angalia hapa". Je, programu inamruhusu kuandika juu ya picha ile? Kama haimruhusu, itabidi aandike aya nzima kueleza mstari upi, ukurasa upi, kosa gani. Zidisha kwa wanafunzi mia mbili. Atafanya nini? Atatoa alama tupu bila maelezo, na mwanafunzi hatajua alikosea wapi.

Swali hilo la kalamu juu ya karatasi, mwalimu wa hisabati angeliuliza katika dakika ya kwanza. Anayenunua hawezi kulifikiria, na simlaumu, kwa kuwa hajawahi kusahihisha. Nenda kwa mhadhiri wa Kiswahili naye atakuwa na lake. Ametunga jaribio ambalo mashine inasahihisha yenyewe. Mwanafunzi mmoja ameandika "tamthilia", mwingine "tamthiliya", na maandishi yote mawili yanatumika vitabuni. Mashine iliyopewa moja tu inamnyima mwingine alama. Je, mhadhiri anaweza kuingiza majibu mawili yanayokubalika bila kumpigia simu fundi? Mhadhiri wa uuguzi anataka mwanafunzi aliye mazoezini hospitalini aweze kutuma taarifa kutoka wodini kwa simu. Mhadhiri wa kilimo anataka picha za shambani zifike zikionyesha zilipigwa lini. Kila idara ina kazi yake, na programu moja itabeba baadhi na kuangusha nyingine. Afadhali tujue mapema itaangusha zipi.

Pale Ilesi akina mama wafinyanzi wana desturi nzuri. Ukitaka chungu, swali la kwanza ni cha nini: cha maji, cha kupikia au cha pombe, kwa sababu udongo, unene na mdomo wa chungu hutegemea kazi yake. Vyuo vyetu vinanunua chungu bila kumuuliza anayepika.

Wapo watakaosema sheria ndiyo inayobana, kwamba ununuzi wa umma una taratibu zake na mhadhiri hawezi kuingia apendavyo. Nimefurahi tumefika hapo. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015 haimfungii mhadhiri mlango. Kifungu cha 46 kinaitaka kamati ya kutathmini zabuni iwe na watu watatu hadi watano, na miongoni mwao awepo mkuu wa idara itakayotumia kifaa kinachonunuliwa, au mwakilishi wake. Neno lenyewe liko wazi: idara itakayotumia. Basi nauliza, programu ya kufundishia inatumiwa na idara gani? Ikiwa jibu ni idara ya teknolojia ya habari peke yake, tumekosea tangu mwanzo. Vijana wa teknolojia ndio wanaoiwasha, wanaitunza na kuilinda, na bila wao hakuna kitu. Anayeitumia ni idara ya hisabati, ya uuguzi, ya Kiswahili, ya elimu. Wote wawili wanapaswa kuwa mezani.

Na kuna jambo la pili katika sheria hiyo hiyo ambalo ni zito zaidi. Kifungu cha 80 kinasema zabuni zitathminiwe kwa vigezo vilivyoandikwa katika nyaraka za zabuni. Yaani kamati ikishaketi, haiwezi kuongeza kigezo kipya. Kama hakuna aliyeandika kwamba programu lazima ifanye kazi kwenye simu ya bei ndogo na mtandao dhaifu, kamati haiwezi kumpunguzia alama mzabuni ambaye programu yake haifunguki hapa Shinyalu. Kama hakuna aliyeandika kwamba mhadhiri aweze kusahihisha juu ya picha, habari hiyo imekwisha. Kwa hiyo kumwita mhadhiri siku ya tathmini ni kuchelewa pia. Anapaswa kuwepo pale mahitaji yanapoandikwa. Kifungu cha 60 kinataka mahitaji hayo yawe wazi, yaeleze kazi inayotakiwa kufanyika, na yasitaje jina la kampuni au chapa fulani ila pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza. Ni nani anayeweza kueleza kazi ya kufundisha kuliko anayefundisha?

Siku chache za kuandika mahitaji ndizo zinazoamua miaka mitano ya matumizi. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu katika shughuli hii nzima, ningebadilisha hizo.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu historia ya programu zenyewe inatufundisha jambo. Miaka ya katikati ya 1990, katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, mhadhiri wa sayansi ya kompyuta aitwaye Murray Goldberg alitaka kufundisha kozi zake kwa mtandao. Akatengeneza vifaa vyake vya kufundishia, na vikawa programu iliyoitwa WebCT, iliyoenea katika vyuo vya nchi nyingi. Baadaye, kule Perth, Australia, katika Chuo Kikuu cha Curtin, kulikuwa na msimamizi wa WebCT aliyeitwa Martin Dougiamas. Kijana huyo alikulia jangwani Australia Magharibi, mbali na shule yoyote, na masomo yake ya utotoni yalimjia kwa redio ya masafa mafupi. Ndiyo, wasikilizaji, kwa redio, kama hii tunayoitumia. Alijua maana ya kusoma ukiwa mbali na mwalimu. Hakuridhika na alichokisimamia, akaanza kutengeneza chake, na mwezi wa Agosti mwaka wa 2002 akatoa toleo la kwanza la Moodle, bila kulipisha leseni, kila chuo kiwe huru kuichukua na kuibadilisha. Leo Moodle iko katika vyuo vingi vya Kenya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinaitumia. Makerere na Dar es Salaam vilianza na programu za kulipia leseni, baadaye vikahamia huko.

Angalieni basi chimbuko. Moja ilizaliwa mikononi mwa mhadhiri, nyingine kwa mtu aliyekuwa akiwahudumia wahadhiri kila siku na ambaye yeye mwenyewe alisoma akiwa mbali. Programu zote mbili zilianzia darasani. Inakuwaje basi tunapozinunua tumwache nje mtu wa darasani?

WebCT yenyewe ilikwisha vipi? Mwaka wa 2006 ilinunuliwa na kampuni ya Blackboard, na jina lake likafifia. Vyuo vilivyokuwa vimeweka masomo yao humo vililazimika kuhama au kufuata. Hapa kuna swali jingine ambalo mhadhiri angeuliza na mnunuzi husahau: mkataba ukiisha, nitayatoaje maswali yangu elfu moja niliyoyatunga kwa miaka sita? Yatatoka katika umbo ambalo programu nyingine inaweza kulisoma, au nitaanza kuyaandika upya moja moja? Anayejua uchungu wa kutunga swali zuri la mtihani hawezi kuliacha hilo bila jibu la maandishi.

Hapa kwetu tumeshajaribu njia zote mbili, ya kumwacha mwalimu pembeni na ya kumweka katikati, na tunaweza kulinganisha. Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vituo vyake. Mihadhara ilitoka ng'ambo ikiletwa kwa setilaiti, mwanafunzi wa Nairobi akamtazama profesa wa Marekani kwenye skrini. Mhadhiri wetu aliyesimama katika chumba kile alikuwa msaidizi, akijibu maswali kuhusu somo ambalo hakulipanga. Teknolojia ilikuwa ya hali ya juu kwa wakati ule, lakini mtaala haukuwa wa kwetu, na saa za masomo zilifuata saa za watu wengine.

Kisha mwaka wa 2002 makao makuu ya chuo hicho yakahamia Nairobi, na baada ya muda njia ikabadilika. Katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, wahadhiri wa vyuo 12 kutoka nchi 10 za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo, waliketi pamoja wakaandika masomo ya hisabati, sayansi na ualimu. Zikatoka moduli 73, zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia bila malipo. Shirika lilikuwa lile lile na lengo lile lile. Kilichobadilika ni nani alikuwa na kalamu mkononi.

Na kabla ya setilaiti hizo tulikuwa na kitu cha zamani zaidi, ambacho watu wa redio tuna haki ya kukikumbuka. Mwaka wa 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta kule Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kuwasomesha walimu wa msingi waliokuwa wakifundisha bila mafunzo ya kutosha. Masomo yalikwenda kwa posta, yakafuatwa na vipindi vya redio, na majibu yakarudi kwa posta kusahihishwa. Mwalimu aliyekaa kijijini alipandishwa daraja akiwa hajaiacha shule yake. Chombo kilichochaguliwa kilikuwa kile ambacho mwalimu wa kijijini tayari alikuwa nacho, redio na sanduku la posta. Mantiki hiyo ndiyo wahadhiri waliyoifuata mwaka wa 2020 walipokimbilia WhatsApp.

Sasa niwasikilize wanaopinga, maana wana hoja. Kwanza husema wahadhiri ni wengi na kila mmoja ana lake, mkiwauliza wote hamtanunua kitu. Ni kweli wahadhiri hubishana, na kubishana ndiyo kazi yao. Lakini hakuna anayesema mia tano waingie chumba kimoja. Kila kitivo kichague mtu au wawili, na wasiwe wale tu wanaopenda kompyuta. Namtaka pale mhadhiri mzee asiyeipenda teknolojia, maana programu ikimshinda yeye itawashinda wengi wengine walionyamaza. Nawataka pia wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kozi, wanaofundisha chuo hiki asubuhi na kingine jioni. Wanabeba sehemu kubwa ya mafunzo katika vyuo vyetu, na hakuna kamati inayowakumbuka.

Pili husema wahadhiri hawaji wakiitwa. Hapa sitawatetea, walimu wangu. Mwaliko umetumwa, kikao kimekaa, viti vya wahadhiri vitupu, kisha programu ikija manung'uniko yanaanza. Ukiitwa, nenda. Ukishindwa, andika ukurasa mmoja: haya ninayafanya kila wiki, haya yananichosha, haya nayahitaji. Wenyeviti wa idara wakusanye kurasa hizo wazipeleke mbele. Na uongozi nao ukumbuke kwamba mhadhiri aliyeitwa mara tatu, akatoa maoni, na asione hata moja limefanyiwa kazi, hataitika mara ya nne.

Tatu husema, Moodle ni ya bure, tuchukue hiyo tumalize mjadala. Ni bure kwa leseni. Haikosi gharama. Inahitaji seva, fundi wa kuitunza, nakala za akiba, na mtu wa kumjibu mhadhiri anapokwama saa tatu usiku wa kuamkia mtihani. Hata ya bure inahitaji kupangwa, na kupangwa kwake ndiko kunakohitaji walimu: kurasa ziwe nyepesi au nzito, majaribio yaweje, taarifa zimfikie mwanafunzi kwa njia gani. Nimeona programu nzuri ikachukiwa kwa sababu ilipangwa na mtu ambaye hakuwahi kufundisha. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwahi kuwa na programu yake chenyewe, Wedusoft, na hiyo inaonyesha kwamba uwezo wa kujitengenezea au kujirekebishia tunao.

Kabla sijafika mwisho, mambo mawili ambayo yanamhusu mhadhiri moja kwa moja na ambayo husainiwa bila yeye kujua. La kwanza ni taarifa za wanafunzi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, chuo kinawajibika kwa jina, nambari, alama na hata sura ya mwanafunzi inayorekodiwa na kamera wakati wa mtihani wa mtandaoni. Je, vinahifadhiwa wapi, na nani anaviona? Mhadhiri ndiye anayemwambia mwanafunzi "washa kamera", basi ana haki ya kujua picha ile inaenda wapi.

La pili ni masomo yenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 husema kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake huwa ya mwajiri, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Mhadhiri anapopakia mihadhara aliyoiandaa kwa miaka kumi, akaondoka, nani ataendelea kuitumia sauti yake? Makubaliano hayo yafanywe mapema, na chama cha wahadhiri, UASU, kiyadai mezani kama kinavyodai mishahara. Wapo wahadhiri wanaokataa kuweka masomo yao mtandaoni wakaitwa wavivu, kumbe wana hofu hii na hakuna aliyewajibu.

Basi kifanyike nini? Mimi napendekeza jambo moja lisilo na gharama kubwa. Kabla ya kuandika mahitaji ya zabuni, chuo kichukue programu mbili au tatu zinazopatikana kwa majaribio, kizikabidhi kwa kozi chache za vitivo tofauti kwa nusu muhula, masomo halisi na wanafunzi halisi. Wanafunzi watumie simu zao wenyewe, wakiwa makwao, Shinyalu na Malava na Lugari. Mwishoni mhadhiri na wanafunzi wake waandike kilichofanya kazi na kilichokwama. Maandishi hayo yawe msingi wa nyaraka za zabuni, na yawasilishwe mbele ya seneti, ambako mambo ya kitaaluma ya chuo yanaamuliwa. Programu ya kufundishia ni jambo la kitaaluma. Isipitie ofisi ya ununuzi pekee kama vile ni ununuzi wa karatasi.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka. Tarehe 3 Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake pale Konza, chuo kizima kinachofundisha kwa mtandao. Vyuo vingine navyo vinazidi kuhamishia kozi huko. Kijana wa Shinyalu aliyekosa nauli na kodi ya chumba Nairobi huenda shahada yake ikapatikana kwa njia hiyo tu. Chombo kikiwa kibaya, hana jumba la mihadhara la kukimbilia.

Kwa hiyo wazazi, mnapoalikwa chuoni siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, ulizeni: programu mnayomfundishia mtoto wangu, walimu wake waliulizwa? Ilijaribiwa kijijini? Wanafunzi, wapelekeeni wahadhiri wenu habari za mtandao na bando kama zilivyo, bila kuona haya. Wahadhiri, mkiitwa nendeni. Na nyinyi manaibu chansela na wajumbe wa mabaraza ya vyuo mnaotusikiliza jioni hii, zabuni inayofuata ya programu ya kufundishia isitangazwe kabla wanaofundisha hawajaketi na kuandika wanachokihitaji. Sheria inawaruhusu. Mwiteni mhadhiri sasa, wakati karatasi ya mahitaji bado haijaandikwa kitu.